Ufahamu wa Habari za Kisayansi: Mayai ya Mjusi

Ukifungua karatasi ya mtihani ukakuta ufahamu unaohusu ndoa, ajira au rushwa, unapumua. Ukikuta habari ya sayansi yenye nyuzijoto, idadi ya siku na majina ya viumbe, unairuka na kwenda kwenye sarufi, ukijiambia utarudi. Mwanafunzi wangu mmoja, tena mzuri darasani, alifanya hivyo katika mtihani wa majaribio. Aliporudi zilikuwa zimebaki dakika sita. Alinakili aya nzima ya kwanza kama jibu la swali la pili, na nilipomrudishia karatasi alilia, kwa sababu habari yenyewe aliielewa.

Ufahamu wa sayansi ni rahisi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Majibu yamo mle mle ndani, na mwandishi wa sayansi hafumbi maneno kama mshairi. Ugumu wake ni kwamba unakutaka usome kwa usahihi. "Juu" si "chini", "wengi" si "wote", na nyuzijoto 26 si 34.

Habari ifuatayo inahusu mijusi. Nimeichagua makusudi, kwa sababu kila mtahiniwa anamjua mjusi na kila mmoja ana jambo aliloambiwa nyumbani juu yake. Hapo ndipo mtego ulipo. Soma mara ya kwanza bila kusimama, hata ukikuta neno usilolijua. Soma maswali. Kisha rudia habari, safari hii ukiwa na kalamu ya risasi mkononi.

HABARI

Katika nchi nyingi za Ulaya na huko Marekani, mtu anayependa wanyama lakini anaishi katika chumba kidogo ghorofani hawezi kufuga mbuzi. Wengine hufuga mjusi. Anayependwa sana ni mmoja mwenye ngozi ya manjano na madoadoa meusi, ambaye kwa madoa hayo amefananishwa na chui. Asili yake ni maeneo makavu yenye mawe ya Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi mwa India. Mjusi-chui ana kope na hufumba macho, jambo ambalo mjusi kafiri wa majumbani kwetu hawezi. Tena vidole vyake havinati ukutani, kwa hiyo maisha yake ni ya chini. Wengi wanaouzwa leo wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, si porini.

Mfugaji anayetaka watoto huanza kwa kutambua dume na jike. Hutazama upande wa chini, pale mkia unapoanzia. Dume ana mstari wa vitundu vidogo wenye umbo la herufi V, na nyuma yake vivimbe viwili. Kosa hapa lina gharama, kwani madume wawili wakiwekwa katika sanduku moja hupigana hadi kujeruhiana vibaya. Dume akimhisi jike hutikisa ncha ya mkia kwa kasi hadi isikike ikigonga sakafu. Jike aliye tayari hutulia, na dume humng'ata ngozi ya shingo ili kumshikilia. Jike asiye tayari hukimbia au hung'ata, na mfugaji mwenye busara humwondoa dume papo hapo. Jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, kwa hiyo kupandwa mara moja huweza kumtosha kwa mayai ya awamu kadhaa.

Wiki chache baadaye tumbo la jike hujaa, na kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, mayai mawili huonekana kama vivuli pande mbili za tumbo. Maganda ya mayai hayo hutengenezwa kwa kalsiamu. Jike asiyelishwa vya kutosha huichota katika mifupa yake mwenyewe, akadhoofika na pengine kufa. Ndiyo maana nyenje na mende anaolishwa hupakwa kwanza unga wa kalsiamu, na ndiyo maana jike ambaye hajakomaa au aliyekonda hapaswi kupandishwa. Siku zikikaribia huwekewa kisanduku chenye mchanga au kuvu za mwambani zilizoloweshwa kidogo. Huchimba kwa miguu, hutaga mayai mawili, huyafukia, kisha huondoka. Hayaatamii wala hawatambui watoto wake. Asipopata mahali penye unyevu, huweza kuyazuia mayai tumboni hadi yakamdhuru, au kuyaacha juu ya sakafu yakanyauka. Katika msimu mmoja hutaga mara kadhaa.

Ganda la yai la mjusi-chui si gumu kama la kuku. Ni laini mithili ya ngozi, na hupitisha maji. Yai hufyonza unyevu kutoka katika mchanga linamolala, likaongezeka uzito siku hadi siku. Mchanga ukiwa mkavu mno yai hubonyea. Ukilowa mno huota ukungu. Mfugaji huchukua kalamu ya risasi na kuweka alama ndogo upande wa juu wa yai kabla ya kulihamisha. Sababu yake ni kwamba, muda wa siku moja hivi baada ya yai kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye upande wa juu wa ganda. Yai likigeuzwa baada ya hapo, kiinitete huweza kuchanika au kukosa hewa, kikafa. Kuku hugeuza mayai yake kila siku. Anayefuga mijusi akimwiga kuku, hapati kitu.

Jambo la kushangaza zaidi ni jinsia. Kwa binadamu, jinsia ya mtoto huamuliwa mimba inapotungwa. Kwa mjusi-chui huamuliwa na joto la mahali yai lilipo. Yakiwekwa kwenye nyuzijoto 26 za Selsiasi, karibu watoto wote huwa majike. Kwenye nyuzijoto 32.5, wengi huwa madume. Joto likipanda hadi 34, majike hurudi kuwa wengi. Joto huamua pia muda: penye joto la juu watoto huweza kutoka baada ya siku 40 na kitu, na penye joto la chini huweza kupita siku 60. Mtu wa kwanza kuripoti kwamba joto huamua jinsia ya mnyama mtambaazi alikuwa mwanasayansi Madeleine Charnier, mwaka 1966. Alifanya kazi hiyo Dakar, Senegal, akichunguza mayai ya mjusi wa Kiafrika, yule ambaye dume lake huwa na kichwa cha rangi ya chungwa.

Siku ya kutoka ikifika, yai hutoa matone kama jasho na kunywea. Mtoto hupasua ganda kwa meno maalumu ya ncha ya mdomo, ambayo humtoka baada ya kazi hiyo. Kwa siku chache za mwanzo hali chochote, kwa sababu bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni. Hujivua ngozi mara ya kwanza, ndipo huanza kuwinda.

Si mijusi wote wenye mayai laini. Mjusi kafiri hutaga mayai mawili meupe, ya mviringo, yenye ganda gumu, na mara nyingi utayakuta nyuma ya picha au kabati. Mwingine wa aina hiyo yupo Tanzania pekee. Ni mjusi mdogo, urefu wake hauzidi kidole cha mtu mzima, anayeishi kwenye mikadi ya msitu wa Kimboza na misitu michache ya jirani, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Dume ni buluu inayong'aa. Jike ni wa kijani au hudhurungi. Jike hugandisha mayai yake mawili kwenye mkadi, na mtu hawezi kuyabandua bila kuyavunja. Mfugaji wa Ulaya huyaacha palepale na kuyafunika kwa kikombe chenye matundu, watoto wasije wakaliwa na wazazi wao. Uzuri wa mjusi huyu ulimponza. Miaka ya 2000 walikamatwa maelfu kwa maelfu kwa ajili ya kuuzwa nje, na baadhi ya wakamataji waliangusha mikadi yenyewe ili kuwafikia. Mwaka 2017 aliingizwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani CITES, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikawa marufuku.

MASWALI

(a) Andika kichwa cha habari hii kisichozidi maneno matano.
(b) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (i) huichota (ii) hayaatamii (iii) ulimponza.
(c) Taja tofauti mbili kati ya mjusi-chui na mjusi kafiri.
(d) Mfugaji mmoja alitaka madume. Akapandisha joto la mayai yake hadi nyuzijoto 34, akiamini kwamba joto likizidi madume huongezeka. Je, alikosea wapi?
(e) Kwa nini mwandishi anasema anayefuga mijusi "akimwiga kuku, hapati kitu"?
(f) Mkadi mmoja ukiangushwa Kimboza, hasara yake ni zaidi ya mijusi waliokamatwa siku hiyo. Thibitisha kwa kutumia habari.
(g) Fupisha aya ya tatu na ya nne kwa maneno yasiyozidi 60.

Jibu yote kwanza kwenye daftari lako. Ukisoma majibu kabla ya kujaribu utajiona unajua, na hilo ndilo jambo baya kuliko kutojua.

TUJADILI MAJIBU

Swali la (a) huonekana jepesi, na wengi huandika "Mijusi" au "Mjusi-chui". Cha kwanza ni kipana mno, kwa sababu habari haisemi mijusi wanakula nini porini wala adui zao ni nani. Cha pili kinamwacha nje mjusi wa Kimboza. Tafuta jambo linalopita katika aya zote: ni kuzaliana na mayai. "Uzazi na mayai ya mijusi" ni maneno matano na linatosha. Ukiandika sita umekosa, hata kama kichwa chako ni kizuri kuliko changu.

Katika (b) kumbuka yale maneno "kama yalivyotumika". Kuchota tunachota maji kisimani, lakini hapa jike anatoa kalsiamu katika mifupa yake, kwa hiyo jibu ni "huitoa" au "huichukua kidogo kidogo". "Hayaatamii" ni hayalalii mayai ili kuyapa joto. Angalia ukanushi: ukiandika "kuyalalia mayai" umeeleza kinyume. "Ulimponza" ni ulimsababishia madhara. Msimamizi wa usahihishaji hatakupa alama kwa "ulimfanya apendwe", ingawa kupendwa ndiko kulikoleta madhara hayo. Toa maana ya neno, chanzo chake kiache.

Sasa (c), ambalo ndilo mtego niliousema. Katika karatasi nilizosahihisha nimekuta majibu kama "mjusi kafiri ana sumu" au "mjusi kafiri huleta nuksi". Kwanza, mjusi kafiri hana sumu. Lakini hata kama jambo lingekuwa kweli, halimo katika habari, na kisichomo hakina alama. Tofauti zilizomo ni tatu, chagua mbili: mjusi-chui ana kope na hufumba macho, mjusi kafiri hawezi, vidole vya mjusi-chui havinati ukutani, vya mjusi kafiri hunata, yai la mjusi-chui lina ganda laini, la mjusi kafiri lina ganda gumu. Ona kwamba tofauti ya tatu imetawanyika. Nusu yake imo aya ya nne na nusu aya ya mwisho. Watunga mitihani hupenda sana kufanya hivyo, kwa sababu wanajua wanaosoma aya ya kwanza tu.

Ona jambo jingine pia. Tofauti lazima iwe na pande mbili. Ukiandika "mjusi-chui ana kope" ukaweka nukta, umetaja sifa, hujataja tofauti.

Swali la (d) ndilo linalowatenganisha watahiniwa, kwa kuwa halijibiwi kwa kunakili. Habari inatoa namba tatu: 26 karibu wote majike, 32.5 wengi madume, 34 majike wengi tena. Mfugaji wetu aliona madume yanaongezeka kutoka 26 kwenda 32.5, akadhani mstari unaendelea kupanda. Haukuendelea, ulipanda kisha ukashuka. Jibu la kuandika: "Alidhani madume huongezeka kadiri joto linavyozidi, kumbe huwa wengi kwenye nyuzijoto 32.5, na likifika 34 majike huwa wengi tena." Ukiandika tu "joto lilikuwa kubwa", msahihishaji atauliza, kubwa kuliko lipi? Weka namba. Namba katika ufahamu wa sayansi ni ushahidi wako.

Kwa (e), kuku hugeuza mayai yake kila siku na vifaranga hutoka salama. Kwa mjusi-chui, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda, na yai likigeuzwa baada ya hapo huweza kufa. Jibu lina sehemu mbili, tendo la kuku na matokeo yake kwa yai la mjusi. Anayeandika sehemu moja hupata nusu. Msemo "hapati kitu" usiuache hewani, eleza kwamba asichopata ni watoto wa mjusi.

Swali la (f) limewasumbua hata walimu wenzangu nilipowapa walijaribu wakati wa chai. Mmoja alijibu kwamba miti huleta mvua. Ni kweli, lakini habari haikutaja mvua. Rudi kwenye maneno yaliyopo: mjusi huyu anaishi kwenye mikadi, na jike hugandisha mayai yake kwenye mkadi huo huo, nayo hayabanduki bila kuvunjika. Basi mkadi ukianguka, huondoka na makazi ya mijusi waliosalia, mayai yaliyokuwa yamegandishwa, na mahali ambapo majike wangetaga baadaye. Hakuna sentensi katika habari iliyosema hivyo moja kwa moja. Umeunganisha sentensi mbili ukapata ya tatu, na hiyo ni halali kabisa kwa sababu zote mbili zimo. Mvua hukuitoa mle, uliitoa darasa la jiografia.

Ufupisho wa (g) ndipo alama nyingi zilipo, na ndipo mwanafunzi wangu wa dakika sita alipoumia zaidi. Anza kwa kuorodhesha pembeni mambo makuu ya aya hizo mbili: kalsiamu, unyevu wa kutagia, mayai mawili yanayoachwa, ganda laini linalofyonza maji, alama na kutogeuza. Nyenje na mende waache, ni mifano. Umbo la vivuli tumboni liache, ni maelezo ya kupamba. Kulinganisha na kuku nako kuache, hata kama kumekuvutia. Kisha andika kwa maneno yako:

"Mjusi-chui jike huhitaji kalsiamu ya kutengenezea maganda ya mayai na mahali penye unyevu pa kutagia. Hutaga mayai mawili kila mara, huyafukia na kuyaacha. Ganda ni laini na hufyonza maji, hivyo mchanga usiwe mkavu wala usilowe. Mfugaji huweka alama juu ya yai ili lisigeuzwe, kwa kuwa kiinitete hujishikiza upande wa juu na huweza kufa."

Hayo ni maneno 53, "mjusi-chui" likihesabiwa neno moja. Nimebakiza saba kwa makusudi. Ukilenga 60 kamili utapoteza dakika tano ukihesabu na kufuta, na karatasi itachafuka. Andika idadi ya maneno kwenye mabano mwishoni, na usidanganye; msahihishaji huhesabu.

Zoezi la nyumbani: fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 50. Utashawishika kuacha namba ili kupunguza maneno. Namba tatu za joto lazima zibaki, pamoja na mwaka 1966. Rangi ya kichwa cha dume unaweza kuiacha.